Jay Miner: Mgonjwa wa figo aliyeifundisha kompyuta ya nyumbani kuchora milima

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Marekani na Ulaya, kulikuwa na watu waliokuwa na tabia moja ya ajabu kabla ya kulala. Walikuwa wanaiacha kompyuta ichore mlima.

Unachagua bonde, unaweka jua upande mmoja, unamwaga theluji kileleni, unabonyeza, halafu unakwenda zako kitandani. Asubuhi unawahi mezani hata mswaki hujapiga. Mlima uko pale, au umeharibika wote kwa sababu kamera uliiweka chini ya ardhi bila kujua.

Programu iliyojulikana sana kwa kazi hiyo iliitwa VistaPro. Kompyuta yenyewe ni Amiga. Na mtu ambaye hadi leo anaitwa baba wa Amiga ni Jay Miner, mhandisi mpole wa California aliyeishi na ugonjwa wa figo kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Huenda jina lake hulijui. Lakini kama wewe au kaka yako mkubwa mliwahi kushika gemu la Atari, mmeshatumia kazi ya mikono yake.

Kutoka baharini hadi kwenye chipu

Jay Glenn Miner alizaliwa Mei 31, 1932, mji wa Prescott, jimbo la Arizona. Familia ikahamia kusini mwa California akiwa bado mdogo. Alipomaliza sekondari alijiunga na walinzi wa pwani wa Marekani, na huko ndiko alikofundishwa elektroniki. Akiwa mafunzoni Groton, Connecticut, alikutana na binti aliyeitwa Caroline. Wakaoana mwaka 1952.

Baada ya jeshi alikwenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akachukua shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 1958. Akazunguka kampuni kadhaa. Mwaka 1964 alikuwa General Micro-electronics, moja ya kampuni za mwanzo kabisa zilizotengeneza chipu za kikokotoo. Mwaka 1973 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya chipu ya Synertek.

Hapo ndipo Atari walipomchukua. Walikuwa na wazo la mashine ya gemu ya nyumbani, lakini sehemu ya kuchora picha ilikuwa bado ni rundo la nyaya na vipande vingi juu ya meza. Miner aliongoza kazi ya kuubana mzigo wote huo kwenye chipu moja, iliyoitwa TIA. Mashine ikatoka mwaka 1977, ikaja kujulikana kama Atari 2600, na ikauzwa kama karanga. Ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu. Baiti, siyo kilobaiti. Ujumbe mmoja mrefu wa WhatsApp unajaa hapo na kumwagika.

Baadaye akaongoza kazi ya chipu za kompyuta za Atari 400 na 800, zilizotoka mwaka 1979.

Kila mahali alipofanya kazi alikuwa na rafiki mmoja asiyekosa, mbwa wake mdogo aitwaye Mitchy. Mitchy alikuwa analala karibu na meza bosi akichora saketi, na pale Atari alipewa mpaka kitambulisho chake chenye picha. Hii siyo hadithi ya kijiweni, wafanyakazi wenzake waliieleza mara nyingi.

Ugomvi na mabosi

Mwisho wa miaka ya 1970 ilitoka prosesa mpya ya Motorola, 68000, yenye nguvu kuliko zote zilizokuwa kwenye kompyuta za nyumbani. Miner akaiona, akataka kujenga kompyuta mpya kabisa kuizunguka. Mabosi wa Atari wakamkatalia. Atari 2600 ilikuwa inaleta pesa, mambo ya kuanza upya ya nini?

Akaondoka. Akaingia kwenye kampuni ya Zymos, iliyohusika na chipu za vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo. Mtu ambaye figo zake mwenyewe zilikuwa zinamsumbua, sasa anashughulikia mioyo ya watu wengine.

Mwaka 1982 simu ikapigwa. Larry Kaplan, aliyewahi kuwa naye Atari, alikuwa anatafuta watu wa kuanzisha kampuni mpya ya gemu, na pesa zilikuwa zinatoka kwa kundi la madaktari waliotaka kuwekeza. Kampuni ilianza kwa jina la Hi-Toro, kisha ikaitwa Amiga, neno la Kihispania lenye maana ya rafiki wa kike. Jina hilo lilikuwa na faida nyingine ya kijanja: kwenye orodha ya alfabeti linatangulia Apple na Atari.

Wawekezaji walitaka mashine ya gemu. Miner alitaka kompyuta. Akakubali kuanza na gemu, lakini muundo aliouweka tangu siku ya kwanza ulikuwa wa kompyuta kamili, yenye prosesa ile ile ya 68000 aliyonyimwa Atari. Ili washindani wasishtuke, kampuni ilikuwa inauza joistiki na vitu vidogo vidogo vya gemu. Hata kwenye simu hawakutaja chipu zao kama chipu. Walizipa majina ya akina mama, Agnus, Daphne na Portia, ili anayesikiliza adhani wanaongelea mashemeji.

Siku aliyoona mashine za marubani

Sasa tufike kwenye milima yenyewe.

Wakati wa kupanga Amiga, Miner alikwenda kuangalia mashine za kufundishia marubani. Zile ambazo rubani anakaa kwenye chumba kama cha ndege, mbele yake kuna skrini, na kwenye skrini kuna ardhi, anga na uwanja wa kutua, vyote vimechorwa na kompyuta. Mashine hizo zilikuwa na bei ambayo jeshi na mashirika makubwa tu ndiyo yaliweza.

Alirudi na mawazo mawili makubwa kichwani. La kwanza ni sehemu ya chipu inayohamisha vipande vya picha kwa kasi bila kuisumbua prosesa. La pili likaja kuitwa HAM.

Hii HAM inahitaji maelezo kidogo, vumilia. Amiga ilikuwa na rangi 4,096 za kuchagua, lakini kwa kawaida skrini moja ilionyesha rangi 32 tu kwa wakati mmoja, maana kumbukumbu ilikuwa ghali. Ukichora anga la jioni kwa rangi 32 unapata mistari mistari kama shuka la kimasai. HAM ilifanya ujanja. Kila nukta ya picha inachukua rangi ya nukta iliyo kushoto kwake, halafu inabadili kitu kimoja tu: nyekundu, kijani au bluu. Kwa njia hiyo rangi zote 4,096 zinaweza kukaa kwenye skrini moja bila kumbukumbu kupasuka.

Ubaya wake ni kwamba ukitaka kuruka ghafla kutoka nyeusi kwenda nyeupe, nukta moja au mbili za katikati zinatoa rangi za ajabu pembeni. Kwa gemu la kupigana haifai. Ila kwa vitu vinavyobadilika polepole, yaani anga, ukungu, mteremko wa kilima, maji ya ziwa, inafaa sana.

Na nusura itupwe. HAM ilikuwa imewazwa kwa mfumo wa rangi za televisheni. Timu ilipohamia mfumo wa nyekundu, kijani na bluu, Miner mwenyewe aliona haina kazi tena, akaagiza itolewe. Mchoraji wa chipu akamrudia na jibu kwamba ikitolewa itaacha shimo katikati ya chipu, au wachore upya kwa miezi. Muda hawakuwa nao. Basi ikabaki.

Yaani kipengele kilichokuja kuwapa watu picha za milima majumbani kwao kilinusurika kwa sababu kukitoa kungewachelewesha.

Nyumba rehani

Mwaka 1983 biashara ya gemu Marekani iliporomoka vibaya. Amiga ikabaki haina pesa. Miner akachukua mkopo mwingine mkubwa kwa dhamana ya nyumba yake ili kampuni isife. Hebu fikiria hapo, umri umepita 50, afya ndiyo ile, na nyumba unayoishi na mkeo umeipeleka benki kwa ajili ya chipu ambazo bado hazijatengenezwa.

Januari 1984 walikwenda Las Vegas kwenye maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki. Chipu hazikuwa tayari, kwa hiyo walibeba mabodi makubwa yaliyojaa nyaya, wakayapa jina Lorraine, jina la mke wa mkurugenzi wao Dave Morse. Waliogopa kuyaweka kwenye mizigo. Mmoja wa wahandisi wa timu, R.J. Mical, alikuja kusimulia kwamba waliyakatia tiketi ya kiti chake ndani ya ndege, kwa jina la kubuni la Joe Pillow. Bwana Mto, abiria.

Mbele ya banda lao kulikuwa na joistiki. Nyuma, kwenye chumba cha faragha, kulikuwa na mpira mkubwa wa vyumba vyekundu na vyeupe ukidunda kwenye skrini na kutoa kishindo. Waliouona walianza kuchungulia chini ya meza wakitafuta kompyuta kubwa iliyofichwa.

Sifa wakapata, pesa hawakupata. Atari wakawakopesha dola 500,000 kwa masharti magumu: wasiporudisha kabla ya mwisho wa Juni, teknolojia inabaki mikononi mwa Atari. Kadiri siku zilivyokaribia, bei ambayo Atari ilikuwa tayari kulipa kwa kila hisa ikawa inashuka. Walijua kabisa wamemshika mtu kooni.

Commodore, mpinzani wa Atari, ndiyo iliyowaokoa dakika za mwisho. Ilitoa pesa za kulipa lile deni, kisha mwezi Agosti 1984 ikainunua kampuni nzima. Miner akabaki na nyumba yake.

Mlima kwenye sebule

Amiga ilizinduliwa Julai 23, 1985, kwenye ukumbi wa Lincoln Center, New York. Msanii Andy Warhol alipanda jukwaani akachora picha ya mwimbaji Debbie Harry kwa kompyuta hiyo. Bei ilikuwa dola 1,295 bila skrini. Ndani ya kasha la Amiga 1000, mahali ambapo mnunuzi haoni mpaka afungue, kulikuwa na saini za timu nzima. Katikati ya saini hizo upo unyayo wa Mitchy.

Miner alibishana sana na Commodore kuhusu kumbukumbu. Wao walitaka kilobaiti 256 ili bei iwe chini. Yeye aliona haitoshi, na alipigania nafasi ya mteja kuongeza baadaye. Miaka michache tu mbele ikajulikana nani alikuwa sahihi, kwa sababu VistaPro ilitaka megabaiti kadhaa ndipo ifanye kazi vizuri.

VistaPro iliandikwa na John Hinkley na kuuzwa na kampuni ya Virtual Reality Laboratories ya California. Ilivyofanya kazi ni rahisi kuelewa. Chukua kipande cha ardhi, kigawe kwa miraba midogo kama chandarua, halafu kila fundo la chandarua lipe namba ya urefu wake kutoka usawa wa bahari. Mandhari moja ilikuwa na mafundo zaidi ya 65,000. Kompyuta inayaunganisha kuwa pembetatu 130,000 hivi, inapiga hesabu kila pembetatu inatazama jua kwa upande gani, inaipaka rangi, na kuanza na zile za mbali kuja za karibu.

Namba za urefu zilitoka wapi? Idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani ilikuwa tayari imepima nchi yao kwa gridi, kipimo kwa kila mita 30. Kwa hiyo mtu aliyekaa sebuleni aliweza kufungua bonde halisi la Yosemite, au mlima St. Helens uliolipuka mwaka 1980, akaweka kamera yake pale ambapo hakuna mtalii anayeweza kusimama.

Usipotaka mlima wa kweli, unaandika namba yoyote na programu inakutungia wa kwako. Hesabu hiyo ilitokana na kazi ya Benoit Mandelbrot kuhusu maumbo yanayojirudia: kipande kidogo cha jabali kinafanana na jabali zima. Mwaka 1980 Loren Carpenter, aliyekuwa akifanya kazi kwa watengeneza ndege Boeing, alitumia njia hiyo kutengeneza filamu ya dakika 2 ya kuruka juu ya milima. Ilihitaji kompyuta kubwa ya ofisini. Miaka 10 baadaye kijana alikuwa anafanya jambo la aina hiyo chumbani kwake.

Ukurasa wa VistaPro ulikuwa na vitufe vingi kama chumba cha rubani. Kuna namba ya kusema miti iishie wapi na theluji ianzie wapi. Kuna ukungu. Kuna kitufe cha ziwa, unabonyeza sehemu na maji yanajaa mpaka kiwango hicho. Kitufe cha mto nacho kilikuwa raha yake: unagusa mlimani, maji yanatafuta njia yenyewe kuteremka. Rangi za mwisho zilikuja kwa HAM, ile ile iliyonusurika kutupwa.

Picha moja yenye ubora mzuri kwenye Amiga ya kawaida ilikula muda mrefu. Ukitaka video ya kuruka juu ya bonde, hiyo ni mamia ya picha, moja baada ya nyingine, usiku mzima au siku kadhaa. Umeme ukikatika, unaanza tena. Hapo hakuna Mtanzania anayehitaji kuelezwa maumivu yake.

Mshabiki mmoja mkubwa wa programu hiyo alikuwa mwandishi Arthur C. Clarke, aliyekuwa akiishi Sri Lanka. Yeye alipeleka VistaPro kwenye sayari ya Mars. Alichukua vipimo vya ardhi ya huko, akaongeza maji, akapanda misitu, akatazama mlima Olympus Mons ungekuwaje siku watu wakiifanya Mars ikalike. Mlima huo una urefu wa kilomita 22 hivi, karibu mara 4 ya Kilimanjaro. Picha zake alizitoa kwenye kitabu, The Snows of Olympus, mwaka 1994.

Mwaka ule ule

Commodore haikujua kuiuza Amiga, hasa nyumbani kwao Marekani. Ulaya ilipata bahati zaidi kwa Amiga 500 ya mwaka 1987, yenye bei nafuu. Miner alikuwa ameshatengeneza mpango wa chipu mpya zenye nguvu zaidi, lakini wakubwa waliona ni ghali na hawakuutumia. Ofisi ya timu yake ya California ikafungwa. Ilikuwa mara ya pili maishani mwake kuona kampuni inakalia kazi yake.

Hakuwa mtu wa kununa hadharani. Alikuwa na miti yake midogo ya bonsai, na ndege zake za mfano. Aliendelea kwenda kwenye mikutano ya watumiaji wa Amiga, akisalimiana na watu na kujibu maswali. Kazini alirudi kwenye moyo, safari hii Ventritex, kampuni iliyotengeneza vifaa vinavyopandikizwa kifuani ili kuushtua moyo ukianza kwenda mrama.

Figo ndizo hazikumpa nafasi. Kwa muda alitegemea mashine ya kusafisha damu, na dada yake alijitolea figo moja akapandikizwa. Figo hiyo ilimwongezea miaka ya kufanya kazi.

Aprili 29, 1994, Commodore ilitangaza kufilisika. Juni 20, chini ya miezi 2 baadaye, Jay Miner alifariki hospitalini Mountain View, California, kutokana na matatizo ya figo. Alikuwa na miaka 62. Alimwacha Caroline, mke wake wa miaka 42.

VistaPro ilihamia kwenye kompyuta za Windows na kuendelea kutumika kwa miaka kadhaa. Na kwa wenye hamu ya kujaribu, zipo programu za kuigiza Amiga, hata za simu. Mlima uliokuwa unalala nao usiku kucha, simu ya kawaida ya leo inaumaliza kabla hujaiweka mezani. Kamera tu usiizike chini ya ardhi.